Video ya dansi ya mdogo wangu kiziwi: niweke wimbo au niiache kimya?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Ngarenaro, Arusha. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anacheza, na anacheza kweli: kwenye harusi ya binamu yetu watu walisimama kumtuza mpaka mshereheshaji akasahau ratiba. Sasa anataka tutengeneze video ya dansi ya dakika tatu, anachanganya kucheza na lugha ya alama, aeleze yeye ni nani. Tumerekodi uani kwetu kwa simu yangu, na tumegombana. Mimi nataka kuweka wimbo wa Bongo Fleva, maana bila wimbo nani ataangalia? Yeye anataka iwe kimya kabisa. Halafu kuna mahali anageuka mgongo, alama hazionekani vizuri. Nataka nipaondoe, hataki. Na hizo alama, niziandikie tafsiri chini? Nimekutumia kipande cha dakika moja na nusu. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Marahaba, dada, na poleni kwa ugomvi. Nimekiangalia kipande chako mara sita, tatu kwa sauti na tatu bila sauti. Kabla sijawaamua nikwambie nimesimama wapi. Mama yangu alikuwa kiziwi, amenilea Majengo hapa Moshi, na nilikuwa mkalimani wa lugha ya alama kabla sijaanza kufundisha watu kucheza mbele ya kamera. Kwa hiyo usinitafutie uamuzi wa mtu baki. Nitaegemea kwa mdogo wako, ingawa na wewe una hoja mahali pawili. Ile ya kugeuka mgongo naiacha mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonikalisha chini niandike yote haya.

Wimbo kwanza. Hukuniambia pale uani alikuwa anacheza kwa kufuata nini, na nahisi hukumuuliza. Rudi sekunde ya sita, angalia mkono wa kushoto. Vidole vinagonga paja mara nne, vinatulia kidogo, vinagonga mara tatu, ndipo anaanza. Nimemfuata kwa kalamu mezani hadi mwisho wa kipande: anahesabu saba. Nne na tatu, nne na tatu, na kila akiingia kwenye ile tatu bega la kulia linashuka. Ni hesabu yake mwenyewe, na hakuiacha hata pale kuku alipompita miguuni.

Sasa chukua wimbo wako. Bongo Fleva karibu yote inatembea nne nne. Ukiilaza chini ya mwili unaohesabu saba, vitakutana kila baada ya mapigo 28, na katikati ya hapo kila mwenye masikio ataona kijana anayepishana na muziki. Atasema, "Masikini, si unajua hasikii, ila anajitahidi." Na mdogo wako hakupishana na kitu chochote! Ni wewe utakayekuwa umemletea muziki wa kupishana nao, yeye akiwa ameshamaliza kucheza na kunawa miguu. Nimeona video nyingi za namna hii. Mchezaji hodari anaonyeshwa kama mtu wa kubahatisha, na aliyemfanyia hivyo ni ndugu yake anayempenda.

Harusini ilikuwa habari nyingine. Pale kulikuwa na spika zinazotikisa vikombe mezani na watu mia wanaoruka pamoja, na mdogo wako aliuchukua mdundo kifuani na machoni. Kiswahili chetu hapa kina busara ambayo naipenda sana: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya maandazi, na sikio halimo kabisa katika habari hizo. Mama yangu alipokuwa anapeleka mahindi mashineni aliegemeza kiganja kwenye ukuta wa mbao wa kibanda. Mkanda wa mashine ukianza kulegea, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpungia mkono mwenye mashine, naye mwenye mashine alikuwa na masikio mawili mazima yaliyozoea kelele.

Sikio zima la kijana hupokea mitetemo kuanzia kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngozi huishia kwenye 1,000 hivi, na inakuwa kali zaidi karibu na 250. Kwa hiyo besi na ngoma zinamfika mdogo wako; filimbi na mlio wa juu wa gitaa havimfiki. Evelyn Glennie, mpigaji ngoma wa Scotland aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa na miaka 12, hupiga akiwa peku ili miguu ifanye kazi hiyo. Ila yeye husimama kwenye majukwaa ya mbao. Uani kwenu pamesakafiwa kwa saruji juu ya udongo, na saruji ya namna hiyo haitetemeki sana. Siku akitaka kucheza kwa muziki, tafuteni karatasi moja ya plaiwudi, iinueni kwa vipande vya mbao, mlaze spika ya besi juu yake ikiwa imeangalia chini. Asimame hapo bila viatu. Utaona uso wake unavyobadilika.

Lakini usiondoke hapa ukidhani kila kiziwi anaishi kwa mtetemo. Hiyo nayo ni hadithi ambayo sisi tunaosikia tunapenda kusimuliana. Wako viziwi wasiojali besi hata kidogo, wanaoendesha dansi kwa macho tu. Wachezaji viziwi 21 wa China waliocheza ile dansi ya mikono elfu kwenye kufunga Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Athens mwaka 2004 walikuwa wamejipanga mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, na waliokuwa wakiwashikia hesabu ni watu waliosimama pembeni mwa jukwaa wakionyesha alama. Na huna haja ya kwenda China. Panda hapo Monduli siku ya sherehe uwaangalie vijana wakiruka. Wamaasai hawapigi ngoma. Mdundo unatoka kooni, na kila unapotoka kidevu kinasukumwa mbele na mabega yanainuka. Zima sauti, mdundo bado unaona. Muulize mdogo wako kama amewahi kuwatazama. Ile namna anavyosukuma shingo kwenye sekunde ya 31, mimi nilidhani ameitoa huko.

Tuje kwenye alama. Kabla ya tafsiri, tukubaliane kwanza kama zile ni dansi au ni maneno. Ni maneno. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha, kama Kichaga na Kimeru zilivyo lugha, na si vitendo vya kuigiza. Mmarekani William Stokoe alionyesha mwaka 1960 kwamba alama hujengwa kwa vipande kama neno linavyojengwa kwa sauti: umbo la kiganja, mahali kinapogusa au kusimama, na mwendo wake. Badilisha kimoja, umebadilisha neno. Katika lugha ya alama ya Marekani, kiganja kilichotanua vidole, gumba likigusa kidevu, ni "mama". Kiganja hicho hicho kikipanda kwenye paji la uso ni "baba". Ya kwetu ina maneno yake na mdogo wako ndiye kamusi yako, lakini utaratibu ni huo huo. Uso nao ni sarufi: nyusi zikipanda, sentensi imekuwa swali. Ukikata picha ukamwacha kuanzia shingoni kwenda chini, umemnyang'anya alama ya kuuliza.

Dansi inapoingia, ndipo utamu unapoanza. Mshairi wa Kiswahili anabanwa na vina na mizani, anajipinda ndani yake mpaka neno la kawaida linatoa mlio mpya. Mshairi kiziwi ana vina vyake: anachagua alama zenye umbo moja la kiganja, akazifuatanisha, na jicho linaona zikirudi kama sikio linavyosikia "-ani, -ani". Nadhani mdogo wako anafanya hivyo kuanzia sekunde ya 18. Alama tano mfululizo, zote ngumi iliyofungwa, kila moja mahali pengine mwilini, kisha ya sita mkono unafunguka. Kwa alama zile anasema mambo ya kawaida kabisa ya nyumbani, chakula, kazi, kulala. Lakini zile ngumi tano na kile kiganja kinachofunguka ni shairi, na wimbo wako ungepita juu yake kama lori la mchanga.

Ndiyo maana nataka akae yeye kwenye kiti cha kuhariri. Najua simu ni yako, na programu ya kukatia video unaijua wewe. Mpe simu hata hivyo.

Nikueleze kwa nini, maana hapa wengi wanafikiri tunawafanyia viziwi wema kwa kuwaingiza kwenye video. Video ilikuwa yao mapema sana. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan walipitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo tu, na shule nyingi duniani zikazifunga mikono ya watoto. George Veditz, kiongozi wa viziwi wa Marekani, aliogopa lugha yake itakufa. Mwaka 1913 akasimama mbele ya kamera akatoa hotuba nzima kwa alama, ibaki. Kitabu kisingeweza kazi hiyo, kwa sababu lugha inayotembea hewani haikai kwenye karatasi. Na miaka ile filamu zote hazikuwa na sauti: kiziwi na mwenye masikio walikaa benchi moja, wakacheka pamoja, wakasoma maandishi yale yale. Sauti ilipoingia kwenye filamu mwaka 1927, wote walishangilia isipokuwa waliokuwa wametolewa nje.

Baadaye, mwaka 1956, mwigizaji kiziwi Bernard Bragg alienda Paris kujifunza kwa Marcel Marceau, bingwa wa kuigiza bila maneno, na katika kazi yake ukakomaa mtindo ambao msimuliaji mmoja anakuwa mwindaji, kisha anakuwa ndege, kisha anakuwa risasi yenyewe ikiruka, akitupeleka karibu na kuturudisha mbali kwa mwili tu. Ukiutazama utasema mtu huyu anahariri filamu bila kamera. Watu wa dansi wanaosikia nao walilifikia jambo hili kwa njia yao: Maya Deren, kwenye filamu yake fupi ya mwaka 1945, alimwonyesha Talley Beatty akiinua mguu msituni na kuushusha ndani ya chumba. Mguu mmoja, sehemu mbili, na jicho linakubali. Mdogo wako anayafanya haya kila siku anaposimulia mechi ya jana. Mwangalie vizuri tu akisimulia goli.

Mimi nimewahi kuharibu, ndiyo maana nasema kwa ukali. Miaka kadhaa nyuma nilimrekodi binti kiziwi wa hapa Moshi, miguu yake ilikuwa ya ajabu, na kila alipoingia kwenye alama mimi nikakata kwenda kwenye miguu. Niliona ni ufundi. Aliitazama mara moja. Akanigeukia, akatoa ulimi kidogo, akaupitishia vidole viwili kama mkasi. Nikaomba turudie, waliokuwa wametulipa wakasema haina shida, inapendeza, ikarushwa hivyo hivyo. Sikupata tena nafasi ya kufanya kazi naye, na sikushangaa.

Kwa hiyo kamera. Nafasi ya alama ni kuanzia juu kidogo ya kichwa hadi kiunoni, na pembeni hadi viwiko vikiwa vimetanuka. Mchezaji huitanua zaidi. Kwenye kipande chako umeshika simu wima, kwa mtu anayeongea ingetosha, lakini akiruka kichwa kinakatika na akitanua mkono wa kulia vidole vinatoka nje ya picha mara nne. Rudi nyuma hatua tatu, laza simu, iweke kwenye stendi au juu ya matofali. Kama ni lazima iwe wima kwa ajili ya mtandao, basi apange alama zake ziwe nyembamba na ndefu, na huo ni uamuzi wake, hautokani na simu. Shati lake la kitenge ni zuri sana na ni baya sana: viganja vinapotea ndani ya maua. Rangi moja, iliyo mbali na rangi ya ngozi yake. Mwanga utoke mbele yake. Mkirekodi usiku kwa taa za umeme, umeme wetu ni wa mizunguko 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka simu ifungue lenzi kwa 1/100 ya sekunde, ile michirizi inayopanda na kushuka itapungua. Mchana weka kasi zaidi ya hapo na fremu 50 au 60 kwa sekunde, vidole visiwe ukungu.

Na usimwongezee mwendo wa polepole kwenye alama bila kumuuliza. Unajua mtu akirekodiwa sauti halafu ikaburuzwa inavyokuwa? Ndivyo alama zinavyoonekana kwa kiziwi. Kuna mahali inafaa, akitaka mwenyewe. Kamera ya mbele nayo kwenye baadhi ya simu hugeuza kulia kuwa kushoto. Wanaomfahamu watamwelewa, ila watashangaa lini amekuwa wa mkono wa kushoto.

Sasa hiyo "yeye ni nani".

Kuna video moja inayotengenezwa kila mwaka, kila nchi, na watu tofauti: kiziwi anacheza, muziki wa kinanda unapanda, maandishi yanasema hakuna lisilowezekana, watazamaji wanalia. Ile siyo video ya kiziwi ni nani. Inawahusu watazamaji na machozi yao. Kwenye harusi ile, dada, jiulize kwa uaminifu nani alimtuza kwa sababu amecheza vizuri na nani alimtuza kama anayetoa sadaka. Yeye anajua. Viziwi husoma nyuso kwa riziki, hilo hawakosei. Kwa hiyo kichwa cha video kisiwe "Kiziwi anayecheza", kama ambavyo mimi singeita yako "Msichana mwenye masikio aandika barua". Na kama kuna mtu hapo nyumbani bado anasema "bubu", hata kwa mapenzi, mwambie aache. Viziwi wenyewe wanasema kiziwi, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, bila kuona haya.

Halafu kiziwi si mmoja. Kuna aliyezaliwa hivyo kama mdogo wako, kuna aliyeugua homa ya uti wa mgongo darasa la nne na bado anaota ndoto zenye sauti, kuna aliyelazimishwa kusoma midomo mpaka akaichukia. Takwimu za Marekani zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba zaidi ya watoto viziwi 90 kati ya 100 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake utamaduni wao haupiti kwa mama na bibi kama wetu. Unapita bwenini, usiku, kutoka kwa mtoto mkubwa kwenda kwa mdogo, kwa mwanga wa tochi: ndivyo imekuwa Tabora tangu shule ya viziwi ifunguliwe mwaka 1963, ndivyo ilivyo Mwanga hapa Kilimanjaro. Mdogo wako alipewa wapi jina lake la alama? Namaanisha lile ambalo wenzake walimpa kwa kovu lake au kicheko chake, si hilo la cheti cha kuzaliwa. Kwenye sekunde ya 44 anajigusa juu ya nyusi ya kushoto mara mbili halafu anaruka. Nina hakika kabisa lile ni jina, na wewe hukulitaja kwenye barua. Kama hulijui, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya wimbo.

Tafsiri. Hoja yako ya kwanza iko hapa: ni kweli bila maandishi yoyote wasiojua alama watapotea. Lakini ukiandika kila kitu, macho yatakaa chini kwenye maandishi na dansi itabaki picha ya pembeni. Mimi ningeandika sentensi tatu au nne tu kwa dakika tatu, Kiswahili kifupi, aziidhinishe yeye. Kiswahili kwa viziwi wengi ni lugha ya pili, kwa hiyo usiwapangie sentensi za wakili. Mahali pengine acha wanaosikia wasielewe kwa sekunde kumi. Hawatakufa. Mdogo wako amekaa kwenye vikao vya ukoo hivyo kwa miaka 22.

Hoja yako ya pili ni ile ya "nani ataangalia", nayo siipuuzi. Video isiyo na sauti kabisa, mtu wa kawaida atadhani spika ya simu imekufa, ataongeza sauti, atapiga simu kofi mara mbili, ataiacha. Tatizo hilo lina dawa rahisi: mwanzoni, juu ya picha nyeusi, andika kwamba haina sauti kwa makusudi. Maneno matano yanatosha. Hapo ukimya unakuwa mlango aliouchagua yeye, na anayeingia anajua ameingia wapi.

Lakini kabla hamjafunga shauri mjaribu mambo mawili. Moja, mrudie kurekodi huku simu ya pili ikiwa imelazwa juu ya ile plaiwudi, inase visigino vyake, pumzi, kitambaa kikipigana na hewa, kiganja kikigonga kifua. Hiyo ni sauti ambayo hakuitafuta lakini ni mali yake, na inahesabu saba pamoja naye. La pili ni la zamani kuliko sisi wote. Kwa lugha yetu ngoma ni chombo, na ngoma ni dansi, na ngoma ni sherehe yenyewe, na mpigaji mzuri hapigi akiwa ameangalia ngozi ya ngoma. Anaangalia miguu ya mchezaji. Mtafute mpigaji mmoja, mumkalishe mbele ya video iliyokwisha kuhaririwa, ajifunze ile nne na tatu, amfuate. Akikosea, aliyetoka nje ya mdundo atakuwa yeye. Mkiongeza sauti hiyo, waandikieni viziwi watakaotazama kinachosikika na kinapoanza: ngoma nzito, pumzi, kimya. Wana haki ya kujua wengine wanapata nini.

Ukiniuliza mimi ningechagua hiyo ya visigino. Akisema kimya, ni kimya.

Kuhusu kuionyesha: waone viziwi kwanza. Hapo Arusha kuna Shanga, ile karakana ya vioo na shanga ambako viziwi wengi wanafanya kazi. Kuna makanisa yenye mkalimani. CHAVITA ina watu wake mikoani. Kaa nyuma, usieleze kitu, angalia wanacheka wapi, maana watacheka mahali ambapo wewe hukuona kichekesho. Kama mnataka tarehe, tarehe 23 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, siku ambayo shirikisho la viziwi duniani lilianzishwa mwaka 1951. Na mkiomba ukumbi au pesa ofisini, msiombe kwa unyonge: Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja kwa jina lugha za alama na utamaduni wa viziwi. Ipigieni mstari.

Nimebakiza ule mgongo.

Sekunde ya 67. Anaugeukia ukuta wa tofali, mikono inashuka nyuma ya kiuno, na huko nyuma anatoa alama tatu. Ndogo, za haraka, kama mtu anayenong'ona. Mbili nimezisoma. Ya tatu imefichwa na shati. Wewe umeona kosa la kamera. Mimi nilimwona mama. Mama akikasirika na baba alikuwa anakwenda kwenye karai la vyombo, anaugeukia ukuta, anasema yote aliyonayo ndani ya povu la sabuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kuzunguka upande wa pili kwenda kuona. Kwa kiziwi kugeuza mgongo ni kufunga mlango. Watoto viziwi wakigombana hufumba macho, na mazungumzo yameisha. Mdogo wako amefunga mlango halafu akaongea, mbele ya kamera, akijua dada yake ndiye ameshika simu.

Usipaondoe. Usipaandikie tafsiri. Kaa naye jioni, umuulize ile ya tatu ni nini, akikwambia, usiniandikie.